Tipeti Inakatika, Strima Haiogelei: Kutafuta Chanzo Kwenye Vijito vya Trauti

Mtu akipoteza strima tatu asubuhi moja, kesho yake anakuja na tipeti nene zaidi. Trauti wakiifuata strima mpaka karibu na miguu yake kisha wakageuka, anarudi kwenye tipeti nyembamba. Msimu mzima anapanda na kushuka namba, na chanzo cha tatizo hakijaguswa hata siku moja. Nimewaona wavuvi hodari wakizunguka humo kwa miaka, nami nilizunguka humo. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili: nini kimetokea, mshipi umerudi mkononi ukiwa na sura gani, na ni wakati gani kubadili namba ndiyo dawa yenyewe.

Maneno machache kwanza, tuelewane. Strima ni chambo cha manyoya na nyuzi kilichofungwa kwenye ndoana ili kifanane na samaki mdogo, ruba au kamba wa mtoni. Hakiachwi kuelea, kinavutwa majini kwa mkono. Lida ni kipande kinachotoka kwenye mshipi mkuu kikipungua unene hatua kwa hatua. Tipeti ni sehemu ya mwisho ya lida, ile inayofungwa ndoana.

Namba zinasema nini

Tipeti huandikwa namba na herufi X. Toa namba hiyo kwenye 11, na jibu lako ni unene kwa sehemu za elfu moja za inchi. 3X ni sehemu 8, yaani milimita 0.20. Namba ikiwa kubwa, mshipi ni mwembamba (kwa hiyo nikisema kupanda nina maana ya kwenda kwenye mshipi mnene zaidi, na kushuka ni kwenda kwenye mwembamba): 0X ni milimita 0.28, 1X ni 0.25, 2X ni 0.23, 4X ni 0.18, na 5X ni 0.15. Alama yenyewe ni ya zamani kuliko nailoni, iliyobuniwa mwaka 1935. Enzi hizo tipeti zilitengenezwa kwa uzi uliotolewa kwenye tezi za kiwavi wa hariri, ukapitishwa kwenye matundu ya bamba la chuma ili upungue unene, na X ilihesabu mara ngapi umepitishwa.

X inataja unene tu. Nguvu huandikwa kando yake, nayo hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kwa nailoni ya kawaida, 5X huhimili kilo 2 na kidogo, 4X karibu kilo 2.7, 3X karibu 3.7, 2X karibu 4.5, na 1X hufika kilo 5 na zaidi.

Sasa pima hayo na samaki mwenyewe. Kwenye kijito unachoweza kukivuka kwa hatua kumi, trauti wa sentimita 25 ana gramu 150 hivi, na wa sentimita 30 hafiki gramu 300. Ukitazama uzito peke yake, 5X ingetosha na kubaki. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tipeti ya strima huchaguliwa kwanza kwa ndoana inayoibeba, pili kwa vitu vilivyomo majini: magogo, mizizi, matawi yaliyoinama, mawe yenye ncha. Samaki ni wa tatu kwenye foleni hiyo.

Kwa ndoana kuna hesabu ya haraka: gawa namba ya ndoana kwa 3 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo). Ndoana namba 6 inataka 2X, namba 8 au 10 inataka 3X, namba 12 inataka 4X. Mimi mwenyewe kwenye vijito vyenye magogo huanza na 2X hata kwa namba 8, na 3X kwa namba 10. Nashuka hadi 4X pale tu maji yanapokuwa machache na maangavu na strima ni ndogo kweli. 5X haimo kabisa kwenye mfuko wangu wa strima.

Mshipi umekatika: soma ncha kabla ya kufunga nyingine

Hatua hii ni ya sekunde kumi, na hakuna nyingine inayoeleza mengi kama hii. Shika ncha iliyobaki juu ya kiganja au mbele ya anga, uitazame. Ina sura nne.

Ya kwanza, imejiviringa kama springi ya kalamu. Hapo tipeti haikukatika, fundo limeteleza. Kuongeza unene hakutasaidia, na mara nyingi kunazidisha tatizo, kwa kuwa mshipi mnene ni mgumu na fundo lake halikazi vizuri kwa nguvu ya vidole viwili. Unapofunga ndoana, zungusha ncha ya mshipi mara 5 kwa 3X na 4X. Kwa 1X na 2X mara 4 zinatosha, mradi fundo ulilowanishe kwa mate, ulivute polepole mpaka mizunguko ilale kwa mpangilio, kisha ulikaze kwa kushika ndoana kwa koleo. Usikate mkia wa fundo karibu mno. Acha milimita mbili.

Ya pili, imekatika safi palepale fundo lilipokuwa, bila kujiviringa. Hapo inawezekana kweli nguvu imezidi uwezo wa tipeti. Lakini kama ni fluorokaboni, uzi wa plastiki ya aina tofauti na nailoni, tazama pia kama milimita chache za mwisho zimepoteza mng'ao au zimejikunja vibaya. Fluorokaboni ikikazwa ikiwa kavu hupata joto la msuguano na hudhoofika palepale, hata kama fundo kwa macho ni zuri. Ukiona hivyo, tatizo ni namna ulivyokaza.

Ya tatu, ncha ni nyeupe, imechakaa, ina vinyweleo. Huu ni mkwaruzo wa mawe, kisiki, au meno. Trauti wa kahawia ana meno makali kwenye paa la kinywa, na akiimeza strima nzima, tipeti inasuguliwa humo muda wote wa pambano. Hapa unene unasaidia kweli, kwa sababu ya hesabu rahisi: mkwaruzo wenye kina cha milimita 0.02 unakula zaidi ya sehemu moja ya nane ya unene wa 5X, lakini kwenye 2X haufiki sehemu moja ya kumi. Mkwaruzo ni uleule, jeraha si lilelile.

Ya nne, imekatika katikati, mbali na fundo, na pembeni mwa ncha kuna kikunjo kidogo. Hilo ni fundo la upepo, lile linalojifunga lenyewe unaporusha. Fundo la namna hiyo linaweza kupunguza nguvu ya mshipi kwa karibu nusu. Dawa yake ni kupitisha tipeti kati ya midomo kila baada ya mirusho kadhaa. Midomo huhisi kifundo ambacho vidole vyenye baridi havikihisi.

Nilijifunza kusoma ncha kwa hasara. Jioni moja trauti mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye kijito kile alitoka chini ya mzizi wa mti, akaidaka strima nyeusi, akageuza ubavu wake wa rangi ya shaba, na mshipi ukalegea. Nililaumu 3X. Wiki iliyofuata nilivua na 0X, strima zikiogelea kama vijiti, nisipate hata samaki mmoja. Baadaye, nikipanga vifaa chini ya taa, niliikuta ile lida ya jioni ile ikiwa bado kwenye kibweta. Ncha yake ilikuwa imejiviringa mara tatu, safi kabisa. Nilizungusha mara tatu tu, vidole vikiwa vimekufa ganzi, na tipeti yenyewe ilikuwa nzima.

Inakatika samaki anapopiga

Kama ncha imeonyesha kwamba nguvu ndiyo iliyozidi, jiulize ilitoka wapi, maana samaki wa gramu 300 hana kilo 3 za kuvuta. Nguvu hiyo ni ya mshtuko. Unapovuta strima, mshipi umenyooka, fimbo inaelekea majini, na mkono wako unarudi nyuma. Trauti anadaka na kugeuka upande wa pili kwa wakati uleule. Fimbo haijakunja, kwa hiyo hakuna cha kupokea pigo isipokuwa urefu mfupi wa mshipi. Kwenye mto mpana kuna mita 20 za mshipi mkuu zinazonyumbuka. Kwenye kijito uko mita tano au sita kutoka kwa samaki, na nusu ya hizo ni lida.

Nenda kwa mpangilio huu.

Anza na umri wa tipeti. Nailoni hunywa maji na kudhoofika, na mwanga wa jua huiharibu ikiwa kwenye kibiringo. Kata nusu mita, zungushia kitambaa kwenye kila kiganja, uivute taratibu, kisha kwa mshtuko. Ikikatika kirahisi kwa mshtuko, tupa kibiringo kizima. Nailoni yangu huwa naibadilisha kila msimu, imebaki nyingi au kidogo. Fluorokaboni hainywi maji na huvumilia jua zaidi, kwa hiyo hudumu.

Kisha pembe ya fimbo. Ukivua ukiwa umeielekeza fimbo moja kwa moja kwa strima, samaki anagonga mshipi mtupu. Ielekeze kando kidogo, kama nyuzi 20 hivi, ncha ikiwa karibu na maji. Bado unavuta kwa mkono, lakini ncha ya fimbo ina nafasi ya kuinama.

Kisha namna unavyokaza ndoana. Wengi huvuta kwa mkono na kuinua fimbo kwa pamoja. Mojawapo inatosha. Mvuto mmoja mfupi wa mkono, urefu wa kiganja, unachoma ndoana. Fimbo inainuka baadaye samaki akishakuwa mzito.

Baada ya hayo matatu ndipo upande namba. Hatua moja si ndogo kama inavyoonekana: kutoka 4X kwenda 3X, mshipi unaongezeka kwa karibu theluthi ukihesabu eneo la mkato wake, na kutoka 5X kwenda 3X unaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Fimbo ngumu ya namba 5 au 6 (namba ya fimbo hufuata uzito wa mshipi mkuu inaoubeba) inahitaji hatua moja zaidi ya fimbo laini ya namba 3, kwa kuwa fimbo laini yenyewe ni springi.

Strima zinabaki kwenye magogo

Kwenye kijito kidogo hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na ndilo linalonifanya nitetee tipeti nene. Trauti mkubwa hakai mahali pa wazi. Anakaa ambapo gogo limelala, mizizi imening'inia majini, tawi limeinama likagusa kilindi. Strima isiyoingia humo haimfikii, na strima inayoingia humo itanasa. Mvuvi mwenye 5X anajua moyoni kwamba kila kunasa ni kupoteza, kwa hiyo bila kujua anaanza kurusha nusu mita nje ya kivuli. Nusu mita hiyo ndiyo samaki wenyewe. Mpe mtu huyohuyo 2X, utaona mrusho wake unasogea hadi kwenye mzizi, kwa kuwa sasa anajua anaweza kuirudisha.

Kuna njia ya kuirudisha. Ukihisi imenasa, usivute. Mivuto ya kwanza ya hasira ndiyo inayoizamisha ndoana kwenye mti. Legeza mshipi kabisa, acha mkondo uuchukue upite gogo, kisha utikise. Mara nyingi mkondo unaivuta strima kutoka upande wa pili na inatoka yenyewe. Ikikataa, rusha mshipi kwa kuuviringisha juu ya gogo ili uvute kwa kinyume. Ikikataa tena, nenda. Kijito ni kidogo, na strima moja inafaa kufuatwa kwa miguu kama kilindi kile umeshakimaliza.

Ukiamua kuvuta kwa nguvu, iondoe fimbo kwenye shughuli. Ielekeze moja kwa moja kwa strima, shika mshipi mkuu kwa mkono uliofunikwa na mkono wa koti, geuza uso pembeni, urudi nyuma polepole. Usiuzungushe mshipi kwenye vidole, unakata nyama. Na miwani iwe machoni: strima inayoachia gogo kwa nguvu ya kilo 4 inarudi kama jiwe la manati. Fimbo zilizovunjika kwa kuinuliwa juu zikivuta gogo ni nyingi kuliko zilizovunjwa na samaki.

Ikishatoka, pitisha kidole kwenye sentimita 20 za mwisho. Kukiwa na mkwaruzo wowote, kata na ufunge upya. Gusa pia ncha ya ndoana kwenye ukucha. Ikiteleza bila kushika, inoe. Mtu anaokoa strima kwa bidii dakika tano kisha anampoteza samaki wa mrusho unaofuata kwa kuwa hakutumia dakika moja kufunga fundo jipya.

Sehemu moja ya tatizo hili haionekani mpaka siku mbaya: umepoteza strima pamoja na lida nzima. Maana yake ni kwamba tipeti haikuwa sehemu dhaifu kuliko zote. Lazima iwe hivyo kwa makusudi. Kama tipeti ni 1X na fundo la juu yake limefungwa vibaya, mshipi utakatikia juu, na utaacha mita mbili za uzi majini zikingoja mguu wa ndege. Lida yangu ya strima ni kama mita 2: mita moja ya milimita 0.45, sentimita 40 za milimita 0.33, kisha sentimita 60 za 2X au 3X. Kiungo cha kwenda kwenye tipeti nakifunga kwa fundo la mpasuaji lenye mizunguko mitatu, kwa sababu linavumilia tofauti ya unene. Fundo la damu, jingine la kuungia nyuzi mbili, ni zuri kwa macho, lakini pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.05 huanza kuteleza. Vipande ulivyokata viweke mfukoni, hasa vya fluorokaboni, kwani haviozi kwa muda mrefu sana.

Inakatika hewani, kabla ya kugusa maji

Ukisikia mlio kama wa mjeledi nyuma yako kisha mshipi ukawa mwepesi, umeanza mrusho wa mbele kabla mshipi wa nyuma haujanyooka. Strima nzito inahitaji muda. Punguza mwendo, fungua mzunguko wa mrusho uwe mpana, subiri uhisi uzito. Sababu nyingine ni kugonga mawe au ukingo wa kijito nyuma yako: tipeti inapata jeraha, na mrusho wa tatu baadaye ndio unaoimaliza. Kupanda namba moja kunakupa nafasi ya makosa machache zaidi, lakini mwendo wa mkono ukibaki uleule hata 0X itakatika.

Tipeti ikiwa imejisokota kama kamba, strima yako inazunguka angani au majini. Mara nyingi mabawa yake yamefungwa upande mmoja. Nyembamba husokoteka haraka, kwa hiyo ukilazimika kuitumia strima hiyo, panda hadi 2X na ufupishe tipeti iwe sentimita 45.

Strima haiogelei, inakuja kama kijiti

Hii ndiyo gharama ya tipeti nene, na ni gharama ya kweli. Ichukue strima uliyoifunga, iweke kwenye maji ya pembeni yanayotembea taratibu, uitazame. Mkia wa manyoya laini unatakiwa upumue, kichwa kiiname na kuinuka kila unapoacha mshipi. Kama inakuja imenyooka, ikifuata mshipi kama iliyogandishwa, tipeti ni ngumu mno kwa ndoana hiyo.

Lakini usikimbilie 4X. Tazama fundo kwanza. Fundo linalobana jicho la ndoana linaifanya tipeti na ndoana kuwa kitu kimoja kigumu. Lifungue, ufunge kitanzi kisichoteleza, kile ambacho mshipi hubaki na nafasi ya kucheza ndani ya jicho la ndoana. Kitanzi kiwe kidogo, cha milimita tano hivi. Kikiwa kikubwa kinashika ndoana wakati wa kurusha. Irudishe strima kwenye maji yaleyale. Kwa ndoana namba 6 na 8 kwenye 2X, badiliko hilo peke yake limenitosheleza karibu kila mara. Kwa namba 10 yenye uzito mdogo, kitanzi pamoja na 3X. Kwa namba 12 huna ujanja, shuka hadi 4X na uyakwepe magogo.

Chunguza pia aina ya mshipi. Fluorokaboni kwa kawaida ni ngumu kuliko nailoni ya unene uleule. Strima ikikosa uhai kwenye 2X ya fluorokaboni, jaribu 2X ya nailoni kabla ya kupunguza unene.

Haizami inapotakiwa

Watu huambiwa watumie fluorokaboni kwa sababu inazama, na ni kweli kwamba uzito wake ni karibu mara 1.8 ya maji, huku nailoni ikiwa kama mara 1.14. Lakini sentimita 60 za uzi wa milimita 0.2 si uzito wa kuizamisha strima. Kinachoizuia ni mkondo unaosukuma mshipi, na mshipi mnene unasukumwa zaidi. Kwa hiyo kwenye kilindi kifupi chini ya poromoko, ambako una sekunde mbili tu za kushuka, 3X itashuka haraka kidogo kuliko 1X.

Hata hivyo sababu kubwa ni mvuvi anayeanza kuvuta strima ikigusa tu maji. Rusha juu ya kilindi, acha mshipi ulegee, hesabu mpaka tatu, ndipo uanze. Ikiwa bado haifiki chini, tumia strima yenye kichwa cha shaba au ubane chubwi dogo karibu na jicho la ndoana. Uzito ukiongezeka, tipeti nayo ipande. Chubwi na 5X ni ndoa ya siku moja.

Wanaotumia mshipi mkuu unaozama wafupishe lida mpaka mita moja au moja na robo. Lida ndefu inaiacha strima juu wakati mshipi umeshalala chini. Kwa urefu huo mfupi hakuna cha kupokea mshtuko, kwa hiyo hapo 2X ndiyo ya chini kabisa kwangu.

Trauti wanafuata, hawadaki

Hapa ndipo tipeti inalaumiwa bure kuliko mahali pengine popote. Trauti anayeinuka kula mdudu anayeelea ana muda wa kukagua. Trauti anayekimbiza strima anatazama kitu kinachokimbia, na uamuzi wake ni wa nusu sekunde. Kama amekufuata mita tatu, tipeti ameshaiona au hajaijali.

Badilisha mwendo kwanza. Anapofuata, usipunguze, harakisha, kama windo lililoshtuka. Akigeuka, iache strima ianguke sekunde moja. Badilisha pembe: strima inayokatiza mkondo inampa ubavu, inayopanda moja kwa moja inampa mkia. Kisha ukubwa, shuka kutoka namba 6 hadi 10. Kisha rangi. Na utazame ulipo wewe, maana kwenye kijito samaki akifuata hadi karibu anakuona umesimama. Piga goti, kaa nyuma ya jiwe, malizia mvuto mita mbili kutoka ukingoni.

Baada ya hayo yote, kama maji ni maangavu kama kioo na jua liko juu, basi ndiyo, gusa tipeti. Lakini irefushe kabla ya kuipunguza unene. Kutoka sentimita 60 kwenda 90 kunausogeza mshipi mnene mbali na strima bila kupoteza gramu moja ya nguvu. Jaribu pia fluorokaboni: inapinda mwanga kwa kiasi cha 1.42, karibu na maji yenye 1.33, wakati nailoni hupita 1.5, kwa hiyo fluorokaboni haionekani sana majini. Hatua ya mwisho ni kushuka namba moja. Moja tu. Maji yakichafuka kwa mvua, rudi hadi 1X bila wasiwasi. Kwenye maji ya rangi ya chai sijawahi kuona tofauti yoyote.

Samaki anachomoka, au ndoana inarudi imenyooka

Tipeti ikiwa na nguvu kuliko ndoana, ndoana ndiyo inayoachia. Ndoana za waya mwembamba zinafunguka kwa 1X, hasa ukivuta kwenye gogo, na unaweza kuendelea kuvua na ndoana iliyofunguka bila kujua. Linganisha pengo la ndoana na ile ya akiba. Kama samaki wadogo wanachomoka na ndoana ni nzima, unawavuta kwa nguvu ambayo vinywa vyao laini havihimili: legeza mkono.

Pambano linachukua muda mrefu

Dalili hii wengi hawaihesabu kuwa tatizo, nami naihesabu kubwa. Ikiwa trauti wa sentimita 30 anakuchukua dakika nne kwa sababu unaogopa 5X yako, samaki huyo anarudishwa majini akiwa amechoka kiasi cha kutoweza kusimama kwenye mkondo. Maji yakiwa ya uvuguvugu hali ni mbaya zaidi kwa kuwa hewa iliyomo imepungua; yakifika nyuzi 20 za Selsiasi mimi huacha kuvua trauti kabisa. Kwa 2X au 3X unamwinamishia fimbo pembeni, unamtoa kwenye mizizi kabla hajaingia, na yuko kwenye kimia ndani ya dakika moja. Bana kijino cha ndoana kwa koleo, umtoe akiwa bado majini, umshike kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

Umefanya yote, na bado inakatika

Basi pima. Chukua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki au mizigo. Funga strima kwenye tipeti yako kwa fundo lako, kama unavyofunga ukingoni, uiloweshe nailoni dakika kumi. Shika lida upande wa juu, tundika ndoana kwenye mizani, vaa miwani, vuta taratibu huku mwenzako akisoma namba. Rudia mara tano. Kama kibiringo kinasema kilo 3.7 na wewe unapata 3.2 au 3.4 kila mara, fundo lako ni zuri na tipeti ni nzima. Tatizo liko kwenye mshtuko, rudi kwenye pembe ya fimbo. Ukipata 3.3, kisha 1.9, kisha 3.1, kisha 2.2, tipeti haina kosa: ni mkono unaofunga fundo tofauti kila mara, na kazi ya jioni hiyo ni kufunga mafundo ishirini mfululizo mpaka mizani isome namba moja.